Mzigo Hufungwa Kabla ya Kugawanywa

Hotuba kwa wakazi wenye nyumba, kuelekea kikao cha bajeti

Wazee wangu mliokaa mbele, mabibi na mabwana, vijana mliosimama huko nyuma mlangoni,

Nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeambiwa nizungumzie bajeti ya mji mdogo na kodi ya nyumba za kuishi, na naona baadhi yenu mmekuja na ankara zenu mkononi. Dada yangu wa safu ya tatu ameikunja yake mara nne, kama barua ya mtu aliyemkosea. Sitamuuliza inasema nini.

Nianze kwa kuungama. Kwa miaka kadhaa nimekaa upande wa pili wa meza, upande wa mweka hazina. Kila ankara zilipotoka watu walifurika ofisini, na karibu wote walikwenda dirisha moja: la mthamini. "Nyumba yangu umeipa thamani hii, umeitazama kwa macho gani?" Mthamini wetu alikuwa mtu mpole, anatoa faili, anafungua ukurasa wa vipimo, anaonyesha idadi ya vyumba, aina ya paa, mwaka wa kujengwa. Wengine walitukana, wengine walilia. Lakini kikao cha bajeti, ambacho kilifanyika miezi minne kabla ya hapo, kilihudhuriwa na wananchi wanne. Wawili kati yao walikuwa wamekimbia mvua.

Ndiyo maana nimekuja. Kuna anayefunga mzigo na kuna anayeugawa. Mthamini ni mgawaji tu. Kazi yake ni kusema wewe ubebe kiasi gani na jirani yako kiasi gani. Uzito wa mzigo wenyewe haujui yeye, umeamuliwa na baraza la madiwani siku walipopitisha matumizi. Sisi tunagombana na mgawaji wakati mfungaji ameshakwenda zake nyumbani kulala.

Tufanye hesabu kidogo, na nawaahidi haitazidi ya darasa la tano.

Tuseme mji unahitaji 100 kwa mwaka mzima. Sisemi 100 ya fedha gani, iwe 100 tu. Ruzuku kutoka serikali kuu, leseni za biashara, ada za vibali na ushuru mdogo mdogo vinaleta 40. Zimebaki 60, na hizo 60 zinatafutwa kwenye nyumba. Mthamini amejumlisha thamani ya nyumba zote za mji akapata 6,000. Gawanya 60 kwa 6,000, unapata asilimia 1. Hicho ndicho kiwango cha kodi. Mwenye nyumba ya thamani ya 10 atalipa 0.1. Basi. Hakuna uchawi mwingine.

Sasa bei za nyumba zipande. Mji mzima umepanda maradufu, daftari la uthamini linasoma 12,000. Mahitaji ya mji ni yale yale, 60. Kiwango kinashuka hadi nusu ya asilimia, na yule mwenye nyumba ya 10, ambayo leo ni 20, analipa 0.1 ile ile. Thamani imeongezeka mara mbili na kodi haikusogea hata kidogo. Mtu akikuambia kodi yako imepanda kwa sababu nyumba yako imepanda, mjibu kwa upole kwamba amekueleza nusu ya hadithi.

Nusu ya pili ni hii. Diwani anaweza kukiacha kiwango pale pale kwenye asilimia 1. Mji utakusanya 120 badala ya 60, naye atasimama mbele yenu, mkono kifuani, aseme: "Ndugu wananchi, mwaka huu hatukupandisha kiwango cha kodi." Na atakuwa hajasema uongo! Mimi sentensi hiyo nimeisikia kwa masikio yangu, na nimewaona watu wakiipigia makofi.

Jimbo la Utah, kule Marekani, waliishtukia janja hii mapema. Tangu mwaka 1985 sheria yao inasema thamani zikipanda, kiwango lazima kishuke chenyewe hadi kile kitakacholeta fedha zile zile za mwaka uliopita, pamoja na zinazotokana na majengo mapya. Baraza likitaka zaidi ya hapo halikatazwi, ila sharti litangaze hadharani kwamba linaongeza kodi na liwaite wananchi kwenye kikao waseme yao. Mimi naipenda sheria hiyo kuliko zile zinazoweka ukomo, kwa sababu haimfungi diwani mikono, inamtoa tu kichakani.

Kuna kisa kingine ambacho kinawauma watu kweli kweli. Fikirini mji wenye nyumba mbili tu, yangu na ya jirani yangu, kila moja ina thamani ya 100. Mji unataka 2. Kila mtu anatoa 1, tunasalimiana vizuri asubuhi. Mwaka unaofuata nyumba yangu inapanda hadi 150, ya jirani inabaki 100. Jumla 250, mahitaji bado 2, kiwango kinakuwa asilimia 0.8. Mimi nalipa 1.2, jirani analipa 0.8. Matumizi ya mji hayajaongezeka hata chembe, lakini ankara yangu imepanda kwa asilimia 20 na yake imeshuka kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya dirisha la mthamini ni hili: "Je, nimepanda kuliko wenzangu?" Kupanda peke yake si hoja. Na ukiweka pingamizi, leta nyumba tatu au nne zinazofanana na yako, zilizouzwa hivi karibuni, na uonyeshe zimethaminiwaje. Hapo mthamini atavaa miwani. Ukimletea machozi atakupa pole tu.

Kabla sijaendelea, niseme kwamba si kila mahali hesabu inaanzia kwenye matumizi. Kuna nchi ambako kiwango kimeandikwa kwenye sheria na halmashauri inakusanya kinachopatikana, kisha inapanga matumizi kwa kilichopatikana. Kuna kwingine ambako thamani haitazamwi kabisa. Tanzania tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, ule mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia: nyumba ya kawaida kiasi kimoja, ya ghorofa kwa idadi ya ghorofa. Ukusanyaji ni rahisi mno, hakuna ankara ya kukunja mara nne. Ila anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, na kodi ni ya mwenye nyumba, na mnajua wenyewe ilivyo kazi kumwambia mwenye nyumba akurudishie. Na nyumba ndogo ya vyumba viwili inatoa sawa na jumba lisilo na ghorofa lenye bustani. Kila njia ya kugawa mzigo ina mtu inayemwonea. Tofauti ni nani.

Uingereza waliwahi kutoza kodi kwa kuhesabu madirisha, kuanzia mwaka 1696. Wazo halikuwa la kipumbavu: tajiri ana nyumba kubwa, nyumba kubwa ina madirisha mengi, na karani anayahesabu akiwa barabarani bila kuingia kwa mtu. Watu wakayaziba kwa matofali. Kodi ilifutwa mwaka 1851, baada ya zaidi ya karne moja na nusu, na hadi leo ziko nyumba za zamani zenye mashimo ya madirisha yaliyozibwa. Vizazi kadhaa viliishi gizani ili kukwepa karani mwenye penseli.

Na hao hao, katika kodi yao ya sasa ya nyumba iliyoanza mwaka 1993, England wanagawa kwa madaraja yanayotokana na thamani ya tarehe 1 Aprili 1991. Hata nyumba iliyojengwa mwaka jana inakadiriwa ingeuzwa kwa bei gani mwaka 1991. Nyumba ya daraja la juu kabisa inalipa mara tatu tu ya daraja la chini kabisa, hata kama thamani yake ni mara ishirini. Kwa nini hawathamini upya? Kwa sababu kila serikali inajua kwamba atakayepunguziwa atanyamaza na atakayeongezewa atapiga kelele. Daftari la uthamini likizeeka linageuka kuwa picha ya mji ambao haupo tena, lakini mnaendelea kulipa kwa kuitazama picha hiyo.

California waliligeuza tatizo upande mwingine. Mwaka 1978 wananchi walipiga kura ya Pendekezo namba 13: kodi isizidi asilimia 1 ya thamani, na thamani iliyoandikwa isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, hadi nyumba iuzwe. Mzee aliyenunua zamani alipumua. Lakini leo nyumba mbili pacha zinazotazamana zinaweza kulipa kodi zinazopishana mara nyingi, kwa kuwa mmoja alihamia zamani na mwingine juzi. Kijana anambebea mzee mzigo.

Basi, tuyaache ya kugawa. Turudi kwa mfungaji, maana ndiko nilikotaka tufike.

Kitabu cha bajeti ya mji mdogo si kinene. Tatizo lake ni kwamba kimeandikwa na watu kama mimi. Ukikifungua, usianze mwanzo. Mwanzo kuna hotuba ya mwenyekiti na picha ya mwenyekiti. Nenda kwenye majedwali. Kila kasma, yaani kila fungu la matumizi, ina safu kadhaa: kilichoidhinishwa mwaka jana, kilichotumika kweli, na kinachoombwa mwaka huu. Wengi wanalinganisha ya kwanza na ya mwisho. Nyinyi tazameni ya katikati. Kasma ya mafuta ya magari iliidhinishiwa 10, ikatumia 7, mwaka huu inaomba 11. Hiyo 3 ilikwenda wapi, na 11 inatoka wapi? Huenda kuna jibu zuri. Pengine gari la taka lilikuwa gereji miezi mitatu. Lakini uliza, kwa sababu huko ndiko mweka hazina anakoficha akiba yake ya dharura. Nasema kwa uzoefu. Nimeificha humo mara mbili.

Sehemu kubwa ya mzigo ni watu: mishahara, posho, michango ya pensheni, bima. Hizo haziguswi kirahisi, na wala sisemi ziguswe. Moto haujizimi wenyewe, na taka hazijibebi. Baada ya watu linakuja deni. Mji ulikopa kujenga bomba la maji au ofisi mpya, na kila mwaka kuna marejesho na riba. Deni nalo halijadiliwi kwenye kikao cha mwaka huu, lilishajadiliwa siku ya kukopa. Ukivitoa hivyo viwili, kinachobaki mezani cha kugombania ni kidogo kuliko mnavyodhani. Diwani anayeahidi kupunguza kodi kwa robo kwa kuondoa "matumizi ya anasa" hajakifungua kitabu, au amekifungua na anawatania.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa. Baraza likibanwa, kinachokatwa kwanza ni matengenezo. Mfanyakazi ana mdomo, ana chama. Benki ina mkataba. Barabara haina mdomo. Ufa wa lami upana wa kidole hausemi kitu. Unazibwa kwa kazi ya asubuhi moja, ndoo ya lami na watu watatu. Usipozibwa, maji ya mvua yanaingia, udongo wa chini unalowa na kulegea, gari la mizigo linapita, lami inabonyea, inavunjika, linakuwa shimo, shimo linazaa shimo. Baada ya misimu michache huzibi tena, unachimba na kujenga upya kuanzia chini, na gharama yake hailingani hata kidogo na ile ya ndoo. Fedha hizo mji hauna, basi unakopa. Na deni, kama nilivyosema, halijadiliwi tena.

Kwa hiyo mwaka ambao kodi haikupanda kabisa ndio mwaka wa kushtuka. Huenda baraza limefanya kazi nzuri. Huenda pia limekukopa bila kukuambia, na dhamana ni paa la zahanati.

Njia ya pili ya kukukopa kimyakimya ni kula akiba. Mji wenye busara una akiba kwa ajili ya mafuriko, pampu iliyoungua, au ruzuku iliyochelewa. Kutumia akiba kununua pampu si kosa, ndiyo kazi yake. Kosa ni kulipia mishahara kwa akiba. Mshahara unarudi mwakani, akiba hairudi. Katika kitabu utaona mstari umeandikwa "fedha zilizovuka mwaka" upande wa mapato. Ukiuona umekua mwaka hadi mwaka ili kuziba pengo, jua mwaka unakuja ambao mstari huo utasoma sifuri, na ankara itaruka kama panzi.

Na kuna njia ya tatu ya kukuongezea mzigo, ambayo hatupendi kuisema kwa sauti kwa kuwa inatuhusu wenyewe: wasiolipa. Mji unataka 60. Mweka hazina anajua mmoja kati ya kumi hatalipa mwaka huu. Akitoza 60 atapata 54. Hivyo anatoza karibu 67 ili apate 60. Hiyo karibu 7 mnailipa nyinyi mliokunja ankara. Ongeza na majengo yaliyosamehewa kisheria, nyumba za ibada, shule, ofisi za serikali, ambayo yanapitiwa na barabara ile ile na gari la zimamoto lile lile. Sisemi wasisamehewe. Nasema msamaha hautoki hewani, unatoka kwenye nyumba ya pili yake.

Nyumba ya kuishi ina ugumu wake ambao duka halina. Duka likipanda thamani, mara nyingi ni kwa sababu biashara inakwenda. Nyumba ikipanda thamani, mwenye nyumba hapati chochote hadi siku ya kuiuza, na wengi hawataki kuiuza, wanataka kufia humo. Nilimjua mama mmoja mjane, mstaafu. Alikuja na ankara tatu: ya mwaka ule na mbili za nyuma, amezibana kwa kibanio cha nguo. Thamani ya nyumba yake ilikuwa inapanda kwa kuwa mtaa wake umependwa. Pensheni yake haikupendwa na mtu. Aliniuliza, "Mwanangu, niwauzie tofali?" Sikuwa na jibu, maana sheria yetu wakati ule haikunipa jibu.

Majibu yapo. Mahali pengine kodi ya nyumba inapunguzwa ikipita sehemu fulani ya kipato cha kaya. Kule British Columbia, Kanada, mwenye nyumba aliyetimiza miaka 55 anaweza kuomba kodi yake iahirishwe. Inaandikwa kama deni juu ya nyumba, na inalipwa nyumba inapouzwa au inaporithiwa. Warithi hawaipendi. Lakini mama yule angelala usingizi, na mji usingepoteza fedha zake. Naona hili ni bora kuliko kuwapunguzia kodi wazee wote kwa umri, kwa sababu wapo wazee wenye nyumba tano.

Mtaniuliza, sisi tukienda kwenye kikao tutabadilisha nini? Inategemea sheria inawapa nini. Katika miji midogo mingi ya New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, wananchi wenyewe wanakaa ukumbini na kupigia kura bajeti, fungu kwa fungu, na manispaa nyingi ndogo za Uswisi hufanya hivyo pia, hadi kiwango cha kodi. Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989 mitaa ilianza kupewa nafasi ya kupanga vipaumbele vya fedha za maendeleo. Massachusetts, jimbo mojawapo la huko New England, walipitisha mwaka 1980 kwamba jumla ya kodi ya mji isiongezeke zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka, ukiacha majengo mapya, na baraza likitaka kuvuka liombe kura ya wananchi. Kwingi mnapewa dakika tatu za kuzungumza na kikombe cha maji. Lakini hata hizo dakika tatu, nikiwa nimekaa upande ule wa meza, niliziogopa pale tu mtu alipokuja na namba ya kasma. Aliyesema "kodi imetuchosha" tulimwandikia kwenye kumbukumbu kwamba amechangia. Aliyesema "kasma ya matengenezo ya barabara mwaka juzi ilikuwa 8, mwaka jana 5, mwaka huu 3, na barabara zimeongezeka, naomba maelezo" alitufanya tutazamane.

Mwende mapema. Bajeti ikifika kwenye kikao cha wazi huwa imeshaiva. Vikao vya kamati ya fedha vya wiki kadhaa kabla ndiko inakopikwa, na mara nyingi navyo viko wazi ila hakuna anayejua. Muulizeni karani wa baraza ratiba. Na kwa pingamizi la thamani, tazameni tarehe ya mwisho iliyoandikwa nyuma ya ankara, kwa herufi ndogo. Ikipita hata kwa siku moja, mthamini hana ruhusa ya kukusikiliza hata akitaka.

Nimekuja na nakala tatu za kitabu, ziko pale mezani karibu na mlango. Ukurasa wa matengenezo nimeukunja kona, na ule wa fedha zilizovuka mwaka nimeweka kipande cha karatasi. Kalamu ya risasi ipo. Andikeni pembeni, vitabu ni vyenu, mmeshavilipia.